Jinsi ya Kuizuru Ngome Kongwe ya Zanzibar, Mchana na Usiku

Wapo watu waliozaliwa na kukulia Unguja, ambao kila sikukuu wamekwenda Forodhani kula mishikaki na kunywa juisi ya miwa, lakini hawajavuka hata siku moja lango la Ngome Kongwe iliyo ng'ambo ya barabara. Ukiwauliza sababu, wengi watakujibu kwamba mle ndani ni mahali pa wageni, pa kuuzia vinyago na vitambaa kwa bei ya watalii. Mtu wa Bara aliyevuka bahari kwa mapumziko ya siku mbili, na Mkenya aliyekuja kuhudhuria harusi ya jamaa yake, nao huipita vivyo hivyo: hupiga picha mbele ya ukuta, huchungulia langoni, kisha huenda zao. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili yao. Jengo lililowahi kuwa kituo cha askari, jela, ghala la reli na uwanja wa tenisi limekuwa kwa muda wa miongo mitatu hivi jukwaa la wasanii wa visiwani na wa pwani nzima, na mgeni anayeweza kufaidi zaidi ni yule anayezungumza na wasanii hao kwa Kiswahili, bila mkalimani wala mtembezaji.

Jambo la kwanza la kuamua ni kwamba utakwenda mara mbili kwa siku moja. Nenda alasiri, jua linapoanza kupungua ukali, ili uone kuta, maduka na watu wakiwa kazini. Kisha urudi usiku, kama kuna onyesho, ili uone jengo hilohilo likifanya kazi yake. Anayekwenda mchana peke yake huona magofu yenye maduka, na anayekwenda usiku peke yake huona jukwaa lenye taa ambalo lingeweza kuwa popote. Nimewaona wageni wengi wakimaliza ngome nzima kwa robo saa na kutoka wakilalamika kwamba hamna kitu, na kusema kweli, kwa robo saa hamna.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Chagua msimu kwa kuzingatia kwamba ukumbi wa ngome hauna paa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ya Unguja hunyesha kwa nguvu na onyesho la wazi linaweza kuahirishwa watu wakiwa wameshakaa. Mvua za vuli, mnamo Oktoba hadi Desemba, ni nyepesi zaidi lakini nazo hazibishi hodi. Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, usiku huwa na upepo wa kupendeza na mtoto mdogo huhitaji kitu cha kujifunika. Januari na Februari ni miezi ya kaskazi, yenye joto kali, na ni miezi ambayo mji hujaa watu.

Msongamano huo wa Februari una sababu yake. Tamasha la muziki la Sauti za Busara lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na kwa miaka mingi Ngome Kongwe ndiyo iliyokuwa makao ya majukwaa yake makuu. Sharti lake linalojulikana ni kwamba muziki upigwe moja kwa moja, kwa vyombo na sauti za watu walioko jukwaani. Katikati ya mwaka huwapo Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, maarufu kwa kifupi cha ZIFF, lililoanza mwaka 1998 na ambalo pia huitwa Tamasha la Nchi za Jahazi. Nalo limeutumia ukumbi huo kuonyesha filamu chini ya nyota. Usikate tiketi ya boti kwa kutegemea mazoea, hata hivyo. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa kukosa fedha, na ratiba na viwanja vya matamasha haya hubadilika, hivyo thibitisha kwanza tarehe na mahali kupitia waandaaji wenyewe.

Mwezi wa Ramadhani ni sura nyingine kabisa ya mji. Muziki hunyamaza, migahawa mingi hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani kabla ya futari ni kuwakosea heshima watu waliofunga, awe mlaji ni Mwislamu au la. Anayetaka kuzitazama kuta kwa utulivu anaweza kuuona mwezi huo kuwa unamfaa. Anayetaka ngoma na taarabu asubiri Idi.

Kuhusu mavazi, mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Kanga moja ndani ya mkoba hutatua mambo mengi: utajitanda, utaikalia kwenye ngazi za mawe zilizoshika joto la mchana kutwa, na utajikinga upepo wa usiku. Vaa viatu bapa vinavyoshika vizuri, kwa sababu njia za Mji Mkongwe ni za mawe yaliyolainishwa na miguu ya watu, na sakafu ya ndani ya ngome haiko sawa. Beba fedha taslimu za noti ndogondogo, kwa kuwa fundi wa kinyago hatakuwa na chenji ya noti kubwa, na utazihitaji tena usiku kwa jambo nitakalolieleza mbele. Kwa wanaotoka Bara, kitambulisho ni lazima bandarini.

Namna ya kufika

Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua muda wa saa mbili hivi na kukushusha Malindi. Kutoka getini mwa bandari, ifuate barabara ya Mizingani ukiwa na bahari mkono wa kulia. Utalipita kwanza jengo refu lenye roshani za mbao zilizochongwa kama kazi ya darizi. Hilo ndilo Zahanati ya Zamani, ambalo tajiri wa Kihindi Tharia Topan aliamua kulijenga mwaka 1887 kwa kumbukumbu ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Liliachwa likaoza, kisha likakarabatiwa katika miaka ya 1990 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Endelea, ulipite Jumba la Forodha la zamani, ambamo chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilifundisha taarabu, kidumbaki na ngoma kwa miaka mingi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baada ya kasri utaliona Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Ngome ndiyo inayofuata, na bustani ya Forodhani iko mbele yake. Mtu asiyebeba mzigo mzito hutembea mwendo huo kwa dakika kumi na tano.

Ukitokea upande wa Darajani utapita vichochoroni, na huko usione haya kupotea. Uliza kwa salamu kamili. Unguja mtu hakurupuki na swali. Husalimia kwanza, husubiri ajibiwe, kisha husema haja yake. Kwa mtu mzima anza na shikamoo, na useme, “Samahani mzee, naomba unielekeze njia ya Ngome Kongwe,” naye pengine ataacha kahawa yake barazani akusindikize hadi kona ya pili.

Kuzisoma kuta

Usianze na maduka. Kabla hujaingia, simama Forodhani, uigeuzie bahari mgongo, uutazame ukuta wote: rangi yake ya kahawia iliyochujuka, meno ya juu yaliyopangwa safu, na minara ya mviringo kwenye pembe. Mahali hapo palikuwa na kanisa dogo la Wareno lililojengwa mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Wareno walipoondolewa, mwaka uleule wa 1698 ambao Ngome ya Yesu ya Mombasa iliangukia mikononi mwa Waomani, watawala wapya waliijenga ngome hii juu ya mabaki hayo ili kujilinda, kwanza dhidi ya Wareno wenyewe wasije wakarudi, na baadaye dhidi ya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, ambao walijaribu kuitwaa Unguja katikati ya karne ya 18. Ukiwa ndani, tafuta kwenye ukuta sehemu ambazo mpangilio wa mawe hauoani na mwingine. Humo mmebaki vipande vya kanisa na vya nyumba ya mfanyabiashara wa Kireno.

Hapa kuna jambo ambalo msemaji wa Kiswahili pekee ndiye anayeweza kulifaidi. Neno letu “gereza” limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, “igreja”. Lilipoingia pwani lilitaja jengo la Wareno, kisha likahamia kwenye ngome iliyosimama mahali pa jengo hilo, na ngome ilipogeuzwa kifungo katika karne ya 19, neno likabaki na wafungwa. Wazee wa Mombasa nao waliiita Ngome ya Yesu Gereza, na kweli ilikuwa jela ya serikali hadi mwaka 1958. Kwa hiyo ukimwambia mtoto wako kwamba gereza lilikuwa kanisa, hutakuwa unacheza na maneno.

Karne ya 20 iliileta reli. Mwaka 1905 njia nyembamba ya gari la moshi ilianza kazi kutoka hapa hadi Bububu, mwendo wa kilomita 11 hivi, ikipita katika barabara nyembamba za mji kiasi kwamba abiria angeweza kugusa vizingiti vya nyumba za watu, na ngome ikatumika kama ghala na karakana yake. Utasimuliwa kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa gari hilo. Lisikilize kama hadithi tamu, lakini ujue kwamba Bibi Salme, binti wa Sultani Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, alikuwa ameshaishi Bububu, na reli wakati huo haikuwapo. Baada ya reli kufa, mwaka 1949 ngome ilitengenezwa ikawa kilabu cha tenisi cha mabibi wa wakati wa ukoloni, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ilikaa bila kazi kwa muda mrefu. Ukumbi wa wazi uliomo sasa ulijengwa katika miaka ya 1990, na mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Ombi moja kwa anayezigusa kuta hizi. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa ni kitu kinachopumua: unyevu wa bahari huingia na kutoka. Ndiyo maana mafundi wa uhifadhi hukataa kuziba nyufa kwa saruji, ambayo hufungia maji na chumvi ndani mpaka lipu inabanduka vipande vipande. Mtu anayekwangua jina lake ukutani, au anayeegemeza pikipiki na kupanda juu ya meno ya ukuta ili apate picha, anafungua mlango ambao mvua ya masika itauingia. Kama umekuja na watoto, waeleze hilo langoni kabla hawajaanza kukimbia.

Ndani, mchana

Kwa desturi, kuingia uani mchana hakulipiwi, na malipo huwa ya maonyesho ya usiku. Hata hivyo mwulize mlinzi langoni, kwa kuwa siku za tamasha utaratibu hubadilika na mkanda wa tiketi huhitajika tangu alasiri. Ua wa kwanza una maduka ya kazi za mikono na vivuli vya miti, na ua wa pili, unaoufikia kwa kupita uwazi wa ukutani, ndio wenye jukwaa na ngazi za kukalia zilizojengwa kwa nusu duara. Nenda kwanza ua wa pili hata kama hakuna kitu. Kaa ngazi ya juu kabisa. Mchana mara nyingine utakuta mafundi wakifunga taa, au kikundi kikifanya mazoezi, na mazoezi yana utamu ambao onyesho halina: utamwona mpiga fidla akirudia kipande kimoja mara sita, na mwalimu wake akitikisa kichwa kila mara. Ukikuta hivyo, kaa kimya, weka simu mfukoni, na uombe ruhusa wanapopumzika. “Mwalimu, naomba kukaa nisikilize” ni sentensi ambayo sijasikia ikijibiwa hapana.

Kisha rudi dukani, na hapo ndipo Kiswahili chako kinapokuwa mali. Mgeni wa ng'ambo huuliza bei. Wewe uliza kazi. Mwite mchongaji “fundi”, umsalimie, umwulize mti aliotumia, aliyemfundisha, na muda ambao kazi ile ilimchukua. Yule aliyeichonga mwenyewe atakueleza mpaka uchoke. Yule aliyeinunua kwa jumla kutoka Bara atarukia bei haraka. Sisemi kwamba wa pili ni mwongo, kwa kuwa biashara ni biashara na vinyago vya Kimakonde havikupata kuchongwa Unguja pekee, lakini ni vyema ujue unampa nani fedha yako.

Picha za tingatinga zimejaa, na zinastahili maelezo ya ziada. Mtindo huo uliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyechora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa za kupaka vyuma na baiskeli juu ya mbao nyembamba, na aliyefariki mwaka 1972 akiwa ameacha wanafunzi walioendeleza mtindo wake. Hivyo picha iliyoandikwa jina lake unayouziwa leo uani, ikiwa bado inanuka rangi, si yake. Ni ya mtu anayefuata mtindo wake, na huyo naye ana jina. Uliza jina hilo, utazame kama limetiwa sahihi, na umwombe akuambie picha inahusu nini, kwa sababu nyingi zimebeba hadithi za shetani, mganga au ngano za kwao. Ukiinunua, gusa pembeni kwa ncha ya kidole ili ujue kama imekauka. Rangi ya mafuta ikikunjwa mapema hugandana, na hakuna atakayekurudishia.

Kuhusu bei, kupatana ni sehemu ya mazungumzo na wala si ugomvi. Sema “Nipunguzie kidogo” kwa tabasamu, taja bei unayoweza kuilipa kweli, na ukikubaliwa usigeuke. Hakuna linalowaudhi mafundi hawa kama mtu anayepatana nusu saa, akakubaliwa, akaondoka akicheka. Usinunue kitu chochote kilichotengenezwa kwa magamba ya kasa, kwa kuwa ni haramu kisheria, na ukipewa kasha au mlango unaosemwa ni wa kale kweli, kumbuka kwamba vitu vya kale havisafirishwi nje bila kibali.

Wanawake wanaotaka kupakwa maua mikononi watakutana na wapakaji walioketi chini ya kivuli. Omba hina, ile nyekundu ya majani. Piko, ile nyeusi inayokolea upesi, huchanganywa na dawa ya kupaka nywele, na kuna ngozi ambazo hufanya malengelenge kwa siku kadhaa. Mtoto asipakwe kabisa. Kama moyo wako umeshaing'ang'ania piko, weka tone moja ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili au tatu kabla ya kupakwa, kwa kuwa malengelenge hayatokei papo hapo.

Usiku, mbele ya jukwaa

Mwulize mtu wa langoni, kabla hujaondoka alasiri, kama kuna onyesho na linaanza saa ngapi, na uhakikishe nyote wawili mnahesabu saa kwa namna moja. Tangazo likiandikwa kwa Kiingereza saa 2 huwa ni ya mchana, na mkazi akikuambia saa mbili huwa ni ya usiku. Nimekutana na familia iliyoketi uani saa sita nzima kwa sababu ya hilo. Kati ya alasiri na usiku toka nje ukale. Forodhani, pakipata giza, meza hupangwa na taa huwashwa: pweza, mishikaki, mkate wa kumimina, chapati ya kujazwa nyama na yai ambayo wenyewe huiita pizza ya Zanzibar. Chagua meza ambayo wenyeji wamesimama kwa foleni, uliza bei kabla hujapakuliwa, na kama unapenda urojo tafuta muuzaji anayeupakua ukiwa moto.

Rudi ngomeni nusu saa kabla ya wakati. Ngazi za katikati, safu ya nne au ya tano kutoka chini, ndizo zenye sauti nzuri zaidi. Chini kabisa utapigwa na spika, na juu kabisa utasikia watu wakipiga soga. Mzee asiyeweza kukaa kwenye jiwe bila egemeo aombewe kiti mapema, na anayetumia kiti cha magurudumu aje na mtu wa kumsaidia, kwa sababu kutoka ua wa kwanza hadi wa pili njia haiko sawa na ina kupandapanda. Adhana ya isha ikilia, muziki husimama au huchelewa kuanza, nawe acha mazungumzo mpaka imalizike.

Ukibahatika kukuta usiku wa taarabu asilia, utulie, maana huu si muziki wa kukimbilia. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, mwaka uleule wa reli, na Culture, ambayo wengi huijua kwa jina la Mila na Utamaduni, mwaka 1958; vikundi hivi hupiga kwa kanuni, udi, fidla nyingi, nai, kodiani na dumbaki, na utangulizi wa vyombo peke yake unaweza kuchukua dakika kadhaa kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kisha huja maneno, na maneno ndiyo roho ya jambo. Mgeni asiyejua lugha husikia sauti nzuri; wewe utasikia mafumbo, na utaona jinsi ubeti mmoja unavyomfanya mama mmoja safu ya mbele acheke na mwingine anune. Huo ndio urithi wa Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na wa Bi Kidude, ambaye aliendelea kuimba na kupiga ngoma ya msondo hadi uzeeni mwake na kufariki mwezi wa Aprili 2013.

Hapa ndipo zile noti ndogondogo zinapotumika. Katika taarabu msikilizaji aliyeguswa na ubeti husimama, huenda jukwaani kwa mwendo wa taratibu, na kumtunza mwimbaji kwa kumpa noti mkononi au kumwekea mbele yake. Hutakiwi kutoa nyingi, wala hutakiwi kutoa kwa kila wimbo. Unatakiwa kutoa kwa ubeti uliokugusa, na uende mwenyewe. Ukitaka kucheza ukiwa njiani, cheza kwa mabega na mikono, si kwa vurugu. Tahadhari moja: watu hutazama ni ubeti gani uliokuinua kitini, na wanaweza kudhani unamjibu mtu.

Kwa ngoma za asili mambo ni mengine, kwani huko hadhira hukaribishwa uwanjani na kukataa mara mbili ni kuringa. Picha za simu huruhusiwa mara nyingi, ila taa ya simu uizime, na usirekodi onyesho zima la mtu anayeishi kwa kuuza kazi yake.

Kwa walimu na vikundi

Mwalimu anayeleta wanafunzi asije na mia moja kwa pamoja. Darasa moja, asubuhi, kabla ya watalii wa boti, hutosha. Andika barua mapema kwa ofisi ya ngome na kwa fundi au msanii mmoja mtakayemlipa posho awafundishe kwa saa moja, badala ya kupita maduka yote bila kununua kitu. Kikundi kinachotaka kupanda jukwaani kiulize ofisini kuhusu umeme, taa, muda wa mwisho wa kelele na gharama ya usafi, na kipate maelekezo ya kibali kutoka Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar, linalojulikana kama BASSFU. Vikundi kutoka Bara huchelewa kulifahamu hili, kwa kudhani kibali cha Dar es Salaam kinatosha, ilhali utamaduni si jambo la Muungano na Zanzibar ina baraza lake.

Kwa kuwa boti za kasi za kurudi Dar es Salaam huondoka mchana, anayetaka onyesho la usiku lazima apange malazi mjini. Onyesho likiisha, toka kwa lango lilelile na ufuate njia yenye taa na watu, ama ya Forodhani ama ya Shangani, kuliko kukatiza vichochoro usivyovijua. Na kama alasiri uliagiza kazi kwa fundi, ukamwachia nusu ya malipo, pita tena asubuhi kabla ya kwenda bandarini. Mwombe akufungie kwa karatasi wala si kwa nailoni, ambayo hutoa jasho na kuotesha ukungu kwenye mti, na umwachie nafasi aipake mafuta kwa mara ya mwisho mbele yako.